Birria ya nyama ya ng'ombe nyumbani: pilipili zipi, nyama ya sehemu gani, na moto wa namna gani?

Mkaazi wa Tudor ameuliza:

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu wapishi wote.

Mdogo wangu anayeishi Marekani ameniletea mifuko mitatu ya pilipili kavu za Kimeksiko, na Jumamosi hii tunatarajia wageni wapatao ishirini hapa nyumbani. Nimekusudia kuwapikia birria ya nyama ya ng'ombe badala ya pilau, kwa sababu niliwahi kuila nilipomtembelea na sikuisahau: nyama iliyolainika hata ikawa inaachana na mfupa yenyewe, ndani ya mchuzi mwekundu mzito wenye mafuta mekundu juu yake, na ladha ya pilipili isiyochoma.

Shida ni kwamba mifuko haina maandishi. Pilipili za mfuko wa kwanza zina urefu wa kidole au zaidi, ngozi yake ni laini na inang'aa, rangi yake ni nyekundu iliyokolea, na ukizitikisa utasikia mbegu zikicheza ndani. Za mfuko wa pili ni pana, zimekunjamana, zimekaribia kuwa nyeusi na zinanukia zabibu kavu. Za tatu ni ndogo na nyembamba, nyekundu kabisa, na bado zina vikonyo vyake.

Naomba mnijulishe ni zipi za kutia na kwa kiasi gani kwa kilo tano za nyama, nyama yenyewe niagize ya sehemu gani, na kama ni afadhali nipike kwa makaa au kwa gesi. Mama mkwe wangu atakuwepo, naye hali pilipili kali hata kidogo, kwa hiyo jambo hilo pia linanishughulisha.

Mpishi wa Meli amejibu:

Wa alaykum salaam, dada. Mdogo wako amekuchagulia vizuri, kwa sababu hizo ndizo pilipili zinazotumika zaidi kwa birria. Nimefanya kazi ya upishi melini kwa muda mrefu, na tulikuwa tukitia nanga Manzanillo, bandari ya Meksiko iliyoko jirani na jimbo la Jalisco. Jalisco ndiko birria ilikotokea, na wenyewe huko hasa huipika kwa nyama ya mbuzi. Ya ng'ombe ilienea kutoka Tijuana, mji wa mpakani na Marekani, na ndiyo hiyo uliyoila.

Ndefu zenye ngozi inayong'aa ni guajillo. Pana nyeusi ni ancho, nazo ni zile pilipili kubwa za kijani ziitwazo poblano zilizoachwa zikaiva zikawa nyekundu, kisha zikaanikwa. Ndogo zenye vikonyo ni chile de árbol. Kuhusu ukali, mama mkwe asikutie wasiwasi. Kwa kipimo cha Scoville, ancho huwa kati ya 1,000 na 2,000, na guajillo kati ya 2,500 na 5,000, ilhali pilipili mbuzi tunazouziwa Kongowea hupita 100,000. Guajillo na ancho unazitia kwa ajili ya rangi, uzito wa mchuzi na ladha yake ya matunda. Chile de árbol hufika 30,000, kwa hiyo usizitie chunguni kabisa. Zisage peke yake kwa siki na chumvi, uziweke mezani kwenye kibakuli, na apendaye ukali ajitilie.

Kwa kilo tano za nyama tumia guajillo kumi na tano na ancho saba. Zipasue kwa mkasi, uondoe vikonyo, mbegu na zile nyuzi nyeupe za ndani, kisha uzifute vumbi kwa kitambaa kibichi. Hapa ndipo ninapokuomba uwe makini kuliko mahali pengine popote. Weka kikaango kikavu juu ya moto wa wastani, ulaze pilipili ngozi ikiwa chini, uzikandamize kwa mwiko na uzigeuze mara tu harufu inapopanda. Ni suala la sekunde chache kila upande. Utaona ngozi ya guajillo ikibadilika kutoka wekundu wa damu ya mzee hadi rangi ya matofali, na ikianza kutoa vijipovu vidogo, hapo itoe. Ikiachwa mpaka ikatoa moshi wa kuwasha koo imeungua, na uchungu wake hauondoki hata ukitia sukari. Iliyoungua itupe, usiihurumie, kwa sababu moja tu inatosha kuuharibu mchuzi wote.

Zikishakaangwa, ziroweke katika maji ya moto kwa nusu saa huku umezifunika na sahani ili zizame. Yaonje maji hayo kabla hujayatumia: yakiwa matamu sagia nayo, yakiwa machungu yamwage na usagie kwa maji safi. Wakati zinarowekwa, choma tungule tano na vitunguu maji viwili mpaka maganda yapate madoa meusi, na vichwa viwili vya thomu bila kuvimenya. Kaanga kwa ukavu vijiko viwili vidogo vya bizari nyembamba, pilipili manga kama ishirini, karafuu sita na kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole. Menya thomu, saga kila kitu pamoja kwenye blenda, utie nusu kikombe cha siki, kipande kidogo cha tangawizi na vijiko viwili vikubwa vya oregano kavu. Saga kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha, kisha uchuje kwa chujio la matundu madogo, kwa sababu ngozi ya guajillo ni ngumu na vipande vyake hukwama kooni.

Pakaza rojo hilo kwenye nyama pamoja na chumvi na uilaze usiku kucha ndani ya friji. Asubuhi utenge nyama kando, ukaange rojo kwa mafuta kidogo mpaka likolee na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Rangi nyekundu ya pilipili huyeyuka katika mafuta na si katika maji, na ndiyo sababu ya yale mafuta mekundu uliyoyaona Marekani. Anayeruka hatua hii hupata mchuzi wa rangi ya udongo. Baada ya hapo rudisha nyama, mimina maji ya moto mpaka yaifunike, na uache ipikike polepole.

Utakutana na maelekezo yanayotaka chupa ya bia. Si sharti lake hata kidogo, na siki inatosha kabisa kuleta uchachu unaotakiwa.

Mwenye Bucha, Majengo, amejibu:

Nitazungumzia nyama, kwani ndiyo kazi yangu.

Tafadhali usimwambie mwenye bucha akupimie steki. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa wanapikia wageni, basi ni lazima wanunue nyama isiyo na mfupa wala kano, na matokeo yake baada ya saa tatu motoni nyama inakuwa kavu na nyuzinyuzi, ingawa imezungukwa na mchuzi. Chakula kinachopikwa polepole kinahitaji nyama yenye kano na ngozi ngozi za ndani, kwa sababu hizo ndizo zinazoyeyuka na kuufanya mchuzi unate midomoni. Kuyeyuka huko huanza pale nyama inapofikia joto la nyuzi 70 hivi na huenda taratibu sana, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuharakishia kwa kuzidisha moto. Moto mkali unakaza nyuzi za nyama na kuzikamua maji yake kabla kano hazijapata nafasi ya kulainika.

Kwa kilo tano ningekukatia kilo mbili na nusu za muundi pamoja na mfupa wake wenye uboho, kilo moja na nusu za mbavu na kilo moja ya kidari. Ukipata mkia, punguza mbavu kidogo uutie. Vipande viwe vikubwa, vya ukubwa wa ngumi, kwa sababu nyama itapungua sana ikiiva, na vipande vidogo vitasambaratika kabla vile vikubwa havijalainika. Waeleze pia kwamba unataka muundi ukatwe kwa msumeno, usipasuliwe kwa shoka, la sivyo utakuwa unatoa vijipande vya mfupa kwenye sahani za wageni.

Jambo lingine ambalo maelekezo ya Wamarekani hayalijui: ng'ombe wengi wanaochinjwa hapa Mombasa ni wa malisho, wametembea masafa marefu kutafuta majani na maji, na hawakunenepeshwa kwa nafaka zizini. Nyama yao ina ladha nzuri zaidi, lakini ina shahamu kidogo na ni ngumu. Pale maelekezo yanaposema saa tatu, wewe hesabu nne, na ukipewa muundi wa ng'ombe mzee, nne na nusu. Anza mapema. Birria iliyowahi kuiva inaweza kuwasubiri wageni bila kuharibika, lakini wageni wenye njaa hawawezi kuusubiri muundi.

Bi wa Kibokoni amejibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu Mkaazi wa Tudor. Nimesoma majibu ya hao wawili na nimeridhika nayo kwa sehemu kubwa, ila kuna mambo ya chombo na moto hawakuyagusa, nayo kwa mji wetu ni muhimu.

Kwanza, usiilaze hiyo nyama katika sufuria ya alumini. Rojo lina siki na tungule, na uchachu huo ukikaa usiku kucha unakula alumini, ukapata ladha ya chuma na sufuria yenye madoa. Tumia bakuli la kioo, ndoo safi ya plastiki ya kuwekea chakula, au sufuria iliyopakwa enameli.

Pili, ukiwa na chungu kikubwa cha udongo, kitumie. Huko Meksiko nao wana desturi ya kupikia katika chungu na kuziba mfuniko kwa kinyunya cha mahindi ili mvuke usitoke, na sisi tunaopika biriani twalijua vyema jambo hilo. Nimekwisha kuipika nyama ya namna hii kwa makaa na nakuhakikishia yafaa zaidi kuliko gesi, kwa sharti kwamba usiyajaze. Mchuzi ukishachemka mara moja na ukaondoa povu, toa makaa zaidi ya nusu, ziba mfuniko kwa kinyunya cha unga wa ngano, kisha upalie makaa machache juu yake kama upaliavyo wali. Joto likija juu na chini kwa utulivu, nyama haivurugiki. Ukitaka kujua kama moto ni sawa, tega sikio: unatakiwa usikie kiputo kimoja kimoja, si mchafuko. Kwenye gesi ya jikoni moto wa chini kabisa mara nyingi bado ni mkali kwa chungu, basi weka bamba la chuma katikati.

Na hapa niongeze kitu kimoja kinachowahusu watu wa pwani peke yao. Guadalajara, mji mkuu wa Jalisco, uko juu takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo wanaposema uache sufuria "ichemke kidogo", wao wanamaanisha mchemko uliopoa kuliko wetu, nasi hatuna budi kuupunguza moto zaidi kuliko wanavyoelekeza.

Tatu, viungo. Nakusihi usitie bizari ya mchuzi, usitie garam masala, na usije ukashawishika kutia tui la nazi ati mchuzi uwe mzito. Uzito wake unatoka kwenye pilipili zilizosagwa na kano zilizoyeyuka. Utaona kwamba mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari nyembamba ni vile vile vya pilau yetu, wala si ajabu: viungo hivyo vilifika Meksiko kupitia kwa Wahispania, waliokwenda pia na ng'ombe na mbuzi wao, ilhali pilipili, tungule na mahindi vilivuka kutoka huko vikatufikia sisi, na Wareno walikuwa na mkono mkubwa katika safari hiyo. Lakini katika birria viungo hivyo vinatiwa kidogo sana, ili pilipili ndiyo itangulie. Ukizidisha karafuu, utakuwa umepika pilau isiyo na mchele.

Kwa wanaosoma hapa ambao hawana ndugu wa kuwaletea guajillo, maduka ya viungo ya Marikiti huuza pilipili kavu za Kashmiri zenye rangi nzuri na ukali mdogo. Tumia hizo nzima, wala si za unga, na usagie pamoja na zabibu kavu chache ili zishike nafasi ya ancho. Inakubalika kabisa.

Mpishi wa Meli amejibu:

Bi wa Kibokoni, shikamoo, na shukran kwa hilo la urefu wa Guadalajara. Ni kweli, na linaeleza kwa nini nyama ya pwani hupasuka haraka sana ikiachiwa moto.

Kuhusu pilipili za Kashmiri, kwa heshima zote sikubaliani nawe moja kwa moja. Rangi zinayo, hilo halina ubishi, lakini nyama ya pilipili yenyewe ni nyembamba sana, na mchuzi wake hubaki mwepesi. Zabibu huleta utamu wa sukari, ambao si sawa na ule utamu wenye uchungu kidogo wa ancho. Kwa maoni yangu, asiye na pilipili za Kimeksiko atumie Kashmiri bila zabibu, aongeze pilipili mboga nyekundu mbili zilizochomwa mpaka ganda likawa jeusi na kumenywa, na akubali kwamba amepika mchuzi mzuri wa nyama wenye asili ya Jalisco. Kuuita birria ni kuwanyima wenyewe haki yao, kwa sababu pilipili zile ndizo chakula chenyewe, kama vile nazi ilivyo katika samaki wa kupaka.

Tahadhari moja kwa wote: wapo wanaosoma kwamba Meksiko hutia majani ya mparachichi katika nyama, wakachuma ya mti ulio uani. Majani yatumikayo huko ni ya mparachichi wa asili ya Meksiko, yenye harufu ya shamari. Jani la uani kwako ukilisugua kwa vidole na lisinukie shamari, liache mtini.

Bi wa Kibokoni amejibu:

Marahaba, mwanangu. Pilipili mboga za kuchoma nazikubali, tena nitazijaribu. Zabibu sitaziacha, ila nitazipunguza.

Mkaazi wa Tudor ameandika:

Shukran jazila kwenu nyote. Nimeshaagiza muundi, mbavu na kidari kama nilivyoelekezwa, na chungu nitaazima kwa jirani. Nimebakiwa na maswali mawili. Je, kama makaa yatanishinda, sufuria ya presha inaweza kuniokoa? Na je, nisindikize birria na nini, maana tortila za mahindi, zile chapati nyembamba za Kimeksiko, sijaziona madukani mtaani kwetu?

Mpishi wa Meli amejibu:

Presha inafaa, na nyama italainika kwa muda wa dakika hamsini hadi saa moja tangu inapoanza kupiga mluzi. Kinachokosekana ni mvuke kutoka na mchuzi kujikaza, kwa hiyo ukishaifungua iache wazi juu ya moto mdogo kwa nusu saa nyingine, uonje chumvi mwishoni na si mwanzoni. Kwa kilo tano utalazimika kupika kwa awamu mbili, kwa kuwa haifai kuijaza kupita theluthi mbili.

Kabla ya kupakua, engua yale mafuta mekundu kwa upawa uyaweke kando. Nyama itoe, uichambue vipande vipande, uigawe katika mabakuli na umwagie mchuzi wake wa moto. Juu yake nyunyiza kitunguu maji kibichi kilichokatwakatwa na kotmiri, na ndimu ziwe mezani kwa wingi. Usikamulie ndimu chunguni.

Bi wa Kibokoni amejibu:

Kuhusu tortila, unga wa ugali hautakufaa, mwanangu. Unga ule haushikamani, ukiusukuma unakatika. Tortila hutokana na mahindi makavu mazima yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa. Kilo moja ya mahindi meupe huchukua gramu kumi hivi za chokaa na lita tatu za maji. Huchemshwa mpaka ganda liteleze ukilisugua kwa vidole, hulala humo usiku kucha, kisha huoshwa vizuri na kusagwa mabichi yakawa kinyunya. Chokaa yenyewe ni ya aina ile ile iliwayo na tambuu, basi hakikisha wanakuuzia ya kuliwa, wala si ya kupakia ukuta. Ni kazi ya kupendeza, lakini kwa watu ishirini na siku yenyewe Jumamosi, sikushauri.

Pika chapati nyembamba zisizo na mafuta mengi, au uagize mkate wa mofa, ambao kwa kuwa ni wa nafaka na umekauka kidogo hunywa mchuzi vizuri kuliko chapati. Yale mafuta mekundu yaliyoenguliwa yapake kwenye chapati na uzirudishe kikaangoni kidogo mpaka zikakamae. Watoto watazimaliza hizo kwanza.

Na kitakachobaki usikilaze chunguni juu ya meko, kwani kwa joto la mji wetu mchuzi wa nyama huchacha upesi. Kigawe katika vyombo vifupi kipoe haraka, kiingie friji kabla ya saa mbili kupita, na kesho yake ukichemshe mpaka kitokote ndipo ule. Utaona kimeganda kikawa kizito. Ni zile kano za muundi, na kikipata moto kitakuwa mchuzi tena.